Daktari wa Kwetu

Je, mgonjwa anayeomba kutibiwa na mtu wa rangi yake, au wa jinsia yake, ana haki au ana ubaguzi?

Mwaka 2018 Marcella Alsan na wenzake walieleza jaribio walilolifanya Oakland, California. Wanaume weusi, waliopatikana kwa vinyozi na masokoni, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine kwa madaktari weusi, wengine kwa wasio weusi. Walipoonyeshwa picha tu ya daktari, vipimo walivyovichagua havikutofautiana. Tofauti ilizuka baada ya kukaa naye na kusemezana. Waliokutana na daktari mweusi walikubali vipimo zaidi, hasa vya kutolewa damu.

Lau ingekuwa ni rangi peke yake, picha ingetosha. Kilichofanya kazi ni mazungumzo, nayo hayaanzi siku ya kuonana. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi na kaswende yao, hata baada ya penisilini kujulikana, ili ugonjwa utazamwe mwendo wake. Mwenye kurithi kumbukumbu hiyo akiiogopa sindano ya mgeni, simwiti mbaguzi. Mzungu amkataaye daktari mweusi kwa dharau naye husema, “Namtaka wa kwetu.” Kauli ni moja, lakini yule anakimbia madhara, na huyu anakana utu wa mtu.

Ila huyo “wa kwetu” ni nani hasa?

Miaka mingi nyuma nilimpeleka mama hospitali. Daktari alikuwa kijana wa ng’ambo, hajui Kiswahili. Nami, kwa kuwa ufasiri ndio kazi yangu, nikajitia ukalimani. Mama akasema tumbo lamuuma. Nikafasiri, na naamini nilifasiri vyema. Tukapewa dawa ya tumbo.

Wiki ya pili muuguzi mmoja, mwanamke mzaliwa wa bara na si wa dini yetu, alinitoa nje akafunga mlango. Mama akamweleza habari ya damu, iliyokuwa ikimtoka kwa miezi mitatu. Mimi niliyekuwa wa nasaba yake, lugha yake na kibla chake, ndiye hasa asiyeweza kuyasikia hayo.

Nilipomuuliza baadaye juu ya yule daktari wa kwanza, alimwombea dua. Kijana mwenye adabu, alisema. Aliridhika naye sana.