Kalamu Nayo Yaweza Kusema Uongo

Watu wengi hudhani ya kuwa uongo ni kosa la ulimi tu. Lakini kalamu nayo yaweza kusema uongo, na uongo wake hudumu kuliko wa ulimi. Basi, ndugu wasomaji, twapenda kuwaza pamoja nanyi: je, mtu ana deni la kuandika kweli katika jambo dogo, ambalo labda hakuna atakayelisoma?

Tutoe mfano. Katika jimbo la Nevada, nchi ya Marekani, iko milima ya jangwa iitwayo Silver Peak. Mwaka 1983 mtaalamu wa mimea, Arnold Tiehm, alikuta huko mmea mdogo, wenye maua yaliyokusanyika kama vijipira vya rangi ya maziwa. Akauchuma. Desturi ya kazi hiyo ni kuubana mmea katikati ya karatasi mpaka ukauke, kisha kuushikiza juu ya karatasi ngumu, na kubandika pembeni habari zake: mahali ulipoonekana, tarehe, namna ya udongo, na jina la mchumaji. Ndipo hutunzwa katika nyumba ya mimea mikavu, pamoja na maelfu ya mingine. Mwaka 1985 mtaalamu mwingine, James Reveal, aliutangaza kuwa mmea mpya, akauita Eriogonum tiehmii.

Mmea huo haulimwi wala hauuzwi. Ni nani angeujali? Lakini udongo wake una madini ya lithiamu, yatumikayo katika betri za magari. Wachimbaji wakaja kuyataka. Tena ilikwisha kujulikana ya kuwa mmea huo hauoti porini po pote duniani, ila hapo tu, katika ekari 10 hivi. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliuhesabu kati ya mimea iliyo katika hatari ya kutoweka. Mwaka 2024 serikali hiyo hiyo ilitoa ruhusa ya kuchimba karibu nao.

Shauri hili si jepesi. Betri zina faida kwa wengi. Na mmea ukiisha kutoweka haurudi. Ile karatasi haikuamua shauri, bali iliwaondolea waamuzi udhuru wa kutojua. Kama isingalikuwako, mmea ungaliweza kung'olewa pamoja na mawe, wala aliyeung'oa asingalijua ametenda nini.

Je, kama mchumaji, kwa kuchoshwa na jua, angaliandika mahali pa kubahatisha tu? Siku ile asingaliitwa mwongo. Lakini waliomfuata wangalitafuta katika mlima usio wake, na kurudi wakisema, mmea haupo. Hivyo aandikaye asilolijua huwaibia watu asiowajua, ambao hawawezi kumrudia na kumwuliza.

Kadhalika na sisi tushikao vitabu vya majina, vya waliozaliwa na waliokufa, na vya wanafunzi wa shule. Hatujui ni mstari upi utakaoulizwa, wala mwaka gani. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuandika hata mmoja ovyo. Tulichokiona tukiandike, tusichokiona tuache nafasi yake wazi. Nafasi iliyo wazi ni aibu ndogo kwetu leo, lakini haimpotezi mtu njia kesho.