Mita Inayosomwa na Mwenye Nyumba

Nyumba nyingi za kupanga pale Nyasubi, mjini Kahama, zina mita moja ya maji. Wapangaji sita, bili moja, na anayeisoma mita ni mwenye nyumba. Bili ikipanda, anasema mmefua sana. Pengine kweli mmefua sana. Ila hakuna mpangaji anayejua mchicha wa mwenye nyumba ulioko uani umekunywa ndoo ngapi.

Maji hayo yenyewe yametoka mbali. Tangu 2009 Kahama na Shinyanga wanakunywa maji ya Ziwa Victoria, yakisukumwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Misri ilinung'unika kuhusu mradi ule, ikishika mkataba wa 1929 iliowekeana na Mwingereza. Mwalimu Nyerere alikwisha kuukataa mwaka 1962, basi mabomba yakalazwa. Wengi tukajua mgogoro wa maji ya ziwa ni wetu na Cairo. Kumbe lililokuja kutugusa lilitoka kwa jirani.

Ziwa lina njia moja tu ya kutokea, nayo ni Jinja, Uganda, Nile inapoanzia. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, Uingereza na Misri walikuwa wamekubaliana kanuni: kwa kila kina cha ziwa, yaachiwe maji yale yale ambayo mto ungeyatoa kama bwawa lisingekuwapo. Kina kikipanda, fungulia, kikishuka, bana. Misri haikuridhika na karatasi, ikaweka mhandisi wake pale pale Jinja. Tanganyika, yenye nusu ya eneo la ziwa, ilikuwa mikononi mwa Mwingereza huyo huyo. Ingemtuma nani?

Mwaka 2000 mitambo ya Kiira, kituo cha pili ubavuni mwa kile cha Owen Falls, ikaanza kuzalisha umeme. Mahitaji yakapanda, ukame ukaingia, na maji yakaachiwa kupita kanuni. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kiasi ambacho vijana wa mwaloni hawakuwahi kukiona. Mitumbwi ilikwama topeni na gati zikabaki nchi kavu.

Hapa ndipo pa kutega sikio. Kina cha ziwa anaweza kukisoma yeyote: Mwanza, Kisumu, hata setilaiti inakiona. Lakini kina kinakwambia tu kwamba maji yamepungua, hakikwambii yamekwenda wapi. Jua huchukua, mvua ikikosa haileti, na mlango wa Jinja nao hutoa. Ukikosa takwimu za mlangoni, lawama yote inabebwa na mvua, na mvua haijitetei.

Mapema 2006 mtaalamu wa maji aliyekuwa Nairobi, Daniel Kull, alipiga hesabu akatoa ripoti: zaidi ya nusu ya anguko la 2004 na 2005 lilitokana na bwawa. Uganda ilisema ni ukame, na ukame ulikuwapo kweli. Sehemu iliyobaki ni ya ukame huo. Baadaye maji yalibanwa, na Waganda wakaonja mgawo mkali wa umeme.

Lawama yangu kubwa haiko Kampala. Nchi yenye giza itafungulia maji, na sisi tungefanya vivyo hivyo. Naishangaa Tanzania, iliyokuwa na vipimo vyake ziwani na kiti katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati huo huo ikijenga mradi mkubwa wa kuvuta maji Ihelele. Mgodi wa Bulyanhulu nao ulikwisha kulaza bomba lake hadi ziwani. Wenye mali nyingi kiasi hicho ndio walipaswa kuidai hesabu ya Jinja kabla ya mtu mmoja kuitoa magazetini.

Mkataba mpya wa bonde la Nile ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, Tanzania na Uganda zikiwa ndani. Kenya iliusaini 2010 lakini siku hiyo ilikuwa bado haijauridhia. Misri na Sudan hawakuusaini kabisa. Kifungu cha kupeana takwimu kimo. Kinazitaka nchi zipeane mara kwa mara takwimu zilizopo tayari, na za mlango wa Jinja huanzia mikononi mwa wanaoendesha bwawa.