Je, Kubebwa ni Aibu?



Tangu mwaka 2003 imekuwapo safari ya baiskeli iitwayo Tour d'Afrique, kutoka Cairo hata Cape Town, kilomita 12,000 hivi kwa muda wa miezi minne. Kwa miaka mingi wasafiri walivuka jangwa la Sudan, wakashuka na kupanda korongo kuu la mto Abay kule Ethiopia, wakapita jangwa la Dida Galgalu nchini Kenya. Viongozi huwaonyesha njia, na gari hubeba mizigo. Aliyechoka aweza kupanda gari. Lakini wako wanaoona fahari kufika bila kulipanda hata mara moja.

Basi twajiuliza: Je, kubebwa ni aibu?

Sisi wa Munanila twajua vilima. Twasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, na mtu tusiyemjua huja akashika kwa nyuma akasukuma nasi. Hatumfukuzi, twasema asante. Lakini ugonjwa ukitupata, au njaa ikiingia nyumbani, twanyamaza. Wako wenzetu walioficha shida yao hata majirani wakaijua siku ya mazishi.

Kujitahidi ni kwema. Mvivu asijifiche nyuma ya maneno haya. Lakini aliyembeba mwenzake jana, kwa nini aone haya kubebwa leo? Akataaye msaada humnyima jirani nafasi ya kupenda.

Tukichoka, tuseme. Na tukimwona mwenzetu amenyamaza katikati ya mlima, tusingoje atuite.