Kikombe au Mtoto?

Kiangazi kinapoingia, na mtama na uwele ukiisha kuwekwa ghalani, viwanja vya shule katika nchi ya Ugogo huamka. Kuanzia Bahi mpaka Kongwa, kutoka Chamwino hadi Manyoni, ifikapo saa kumi jioni utaona vumbi limepanda juu ya mibuyu, watoto wanakimbia miguu mitupu, na katikati yao yuko mtu mmoja mwenye filimbi shingoni. Mtu huyo mara nyingi hakuajiriwa kwa ajili ya michezo. Asubuhi amefundisha hesabu au jiografia. Jioni, badala ya kwenda kupumzika, amekuja kiwanjani. Mshahara wake hauongezeki kwa kazi hiyo hata senti moja.

Hata hivyo mtu huyu ana uwezo mkubwa kuliko tunavyodhani. Neno lake moja humfanya mtoto atembee kifua mbele mwezi mzima, na neno lake jingine humfanya asitake tena kutokea mbele ya wenzake. Wako watoto wasiomsikiliza baba, wala hawamsikilizi padri, lakini humsikiliza mwalimu wa michezo. Kwa hiyo yafaa tujiulize pamoja naye, bila kumshtaki: uwezo huo amepewa kwa ajili ya nini?

Tuchukue mfano mmoja, ambao wasomaji wengi watautambua bila kutajiwa shule wala kijiji. Mashindano ya shule za msingi, yale yaitwayo UMITASHUMTA, yanakaribia. Shuleni yuko kijana aliyechelewa kuanza masomo kwa sababu alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake. Sasa yuko darasa la saba, na umri wake umefika miaka 16. Akipiga mpira, kipa wa miaka 12 huficha uso. Sheria ya mashindano yasema umri wake umepita. Lakini fomu iko mezani, kalamu iko mkononi mwa mwalimu, na inatosha kubadili tarakimu moja tu. Mwalimu mkuu anataka kikombe. Wazazi wanataka kikombe. Kijana mwenyewe anatamani kucheza. Je, mwalimu afanye nini?

Watu humwita kijana wa namna hiyo kijeba. Na yule aletwaye kutoka mahali pengine kuja kuchezea shule isiyo yake humwita mamluki. Majina yote mawili humtupia kijana lawama. Lakini kijana hakujizaa, wala hakujipeleka machungani. Anayeandika fomu ni mtu mzima.

Hebu tuzisikilize kwanza hoja za upande wa pili, maana si za kipuuzi. Ya kwanza: "Wote hufanya hivyo; tukiwa sisi peke yetu wakweli, tutafungwa kila mwaka." Ya pili: "Watoto wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, nani ajuaye umri wao hasa?" Ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi: "Kijana huyu ni maskini. Hii ndiyo nafasi yake ya pekee ya kuonekana na wakubwa wa michezo. Kwa tarakimu moja tu, kwa nini tumfungie mlango?"

Hoja hizo hazikubaki katika viwanja vya vijijini. Zimepanda mpaka katika timu za mataifa. Mwaka 2005 vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, walikuwa wamekwisha kupata nafasi ya kwenda Gambia kwenye mashindano ya Afrika. Wakaondolewa, kwa sababu timu ilikuwa imemchezesha aliyepita umri. Miaka 12 baadaye mambo yakageuka. Timu ya Kongo Brazzaville ilikuwa imetutoa. Lakini mchezaji wao mmoja alipoitwa kupimwa umri hakutokea, Kongo ikaondolewa, na mwaka 2017 vijana wetu wakaenda Gabon badala yao. Wengi wetu tulishangilia, tukasema haki imetendeka. Naam, ilitendeka. Lakini aliyeshangilia mwaka 2017 na kulalamika mwaka 2005 na ajipime moyo wake. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Siku hizi vipo vipimo. Tangu mwaka 2009 shirikisho la mpira la dunia, FIFA, hupiga picha za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17. Kijana akiwa bado anakua, ncha ya mfupa wa mkono karibu na kiganja huwa haijaungana kabisa na mfupa wenyewe. Ikiisha kuungana yote, ni vigumu sana kuwa bado hajapita umri huo. Basi mfupa hutoa ushahidi ambao karatasi iliuficha.

Lakini tusiseme kwamba udanganyifu ni mbaya kwa kuwa mashine huufichua. Katika wilaya zetu hakuna mashine ya namna hiyo, na huenda mwalimu asigunduliwe kamwe. Ubaya wa tendo lenyewe lazima tuutafute mahali pengine. Nao tutauona tukiwatazama watoto badala ya kukitazama kikombe.

Yuko kwanza mtoto aliyekaa kando. Ana miaka 12, amefanya mazoezi tangu Januari, amefua jezi yake kwa maji yaliyotekwa mbali. Siku ya kusafiri jina lake halimo. Haambiwi sababu, lakini anaijua, maana watoto hujua kila kitu. Mahali pake pameibwa, na aliyepaiba ni yule aliyemwambia kwamba bidii hulipa.

Yuko pili kijana mkubwa mwenyewe. Twadhani tumemsaidia, kweli tumemfundisha kwamba yeye kama alivyo hafai, mpaka awe mtu mwingine kwenye karatasi. Kuanzia siku hiyo lazima auchukue uongo huo popote aendapo, kwa maana tarehe ya kwanza hudai ya pili nayo ifanane nayo. Na siku atakapokamatwa, aliyeiandika hatasimama karibu naye. Jina litakalotangazwa litakuwa la kijana.

Wako tatu wale wengine wote, wachezaji kumi na zaidi, waliouona uongo ukitendwa na mwalimu wao. Asubuhi aliwafundisha kutonakili majibu ya jirani. Jioni aliwaonyesha jinsi watu wazima wanavyonakili. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Watoto hao kesho watakuwa makarani, wauguzi, askari na wahasibu wa vyama vya ushirika. Tukija kulia kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa uongo, tukumbuke walikoanza kujifunza kuandika.

Kwa hiyo hoja ya kwanza imejibiwa: wingi wa wakosaji haumrudishii mtoto wa miaka 12 mahali pake. Ya pili nayo: kutokujua umri kwa hakika ni jambo moja, na kuandika umri unaoujua kuwa si wa kweli ni jambo jingine. Asiye na cheti ana wazazi, ana kitabu cha ubatizo, ana kadi ya kliniki, ana majirani wanaokumbuka alizaliwa mwaka wa njaa ipi. Mwalimu atafutaye kweli kwa uaminifu na kukosea kidogo hana hatia. Mwenye hatia ni yule asiyetaka kuijua.

Hoja ya tatu yahitaji jibu la upole zaidi, kwani kijana mkubwa ni mtoto wetu pia. Kusema "usicheze" na kumwacha hapo si haki kamili. Mwalimu mwema humwita kando akamwambia kweli, kisha akamtafutia njia yake. Amfanye msaidizi wake katika kuwafundisha wadogo. Ampeleke katika timu ya kijiji, ambayo haina mpaka wa umri. Amtazame kama ana mbio ndefu miguuni, maana uwanda huu wa kati umezaa wakimbiaji ambao dunia inawajua, na katika mbio ndefu mtu hachelewi upesi.

Tuyatazame maisha yao. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957. Katika marathoni ya Boston alikuwa wa pili mwaka 1988, kwa sekunde moja tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Akawa wa pili tena mwaka 1989, na wa pili tena mwaka 1990. Lakini Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akiwa na umri wa miaka 32. Yeye ndiye aliyezoea kufundisha kwamba kutamani ushindi ni bure kwa asiyetaka kujitayarisha. Alphonce Simbu, aliyezaliwa mkoani Singida mwaka 1992, alipata medali ya shaba ya dunia London mwaka 2017. Ilimbidi angoje miaka 8 mpaka Septemba 2025, alipopata dhahabu huko Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa kwa picha.

Watu hawa walikomaa wakiwa watu wazima. Kama wangepimwa kwa vikombe vya umri wa miaka 12, nani angalijua walichobeba? Katika umri huo ashindaye mara nyingi ni yule aliyetangulia kukua mwili, si yule mwenye kipaji kikubwa. Na baada ya miaka michache wenzake humfikia. Basi mwalimu mwenye haraka hukosea mara mbili: humtukuza aliye mkubwa leo, na humkatisha tamaa aliye mdogo leo. Tena humlazimisha mtoto mwenye goti bovu kucheza fainali, kana kwamba goti lile halitahitajika tena maishani. Mkulima hang'oi muhogo kila juma kutazama kama umenenepa.

Huenda msomaji akauliza: "Je, mwataka watoto wacheze bila kutaka kushinda?" La hasha. Mchezo usio na hamu ya kushinda ni dharau kwa mpinzani. Mtoto na afundishwe kushindana kwa nguvu zake zote, na kulia kidogo akishindwa si aibu. Lakini ushindi una thamani kwa sababu ni wako. Ushindi ulioandikiwa tarakimu ya uongo si wa mtu yeyote; ni kikombe kisicho na mwenyewe kilichofungiwa ndani ya kabati la mwalimu mkuu. Tazameni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Huko Mexico mwaka 1968 aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki, akafika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Wengi leo hawamkumbuki aliyekuwa wa pili siku ile, Akhwari wanamkumbuka.

Lipo jambo moja tena, nasi tutalisema waziwazi kwa kuwa wazazi wa mabinti wanasoma gazeti hili. Uwezo wa mwalimu wa michezo juu ya mtoto wa kike ni mkubwa, na safari za mashindano ni za siku nyingi mbali na nyumbani. Mwalimu mwaminifu hataudhika mzazi akiuliza: watoto watalala wapi, na ni mama gani mwalimu anayefuatana nao? Timu ya wasichana isisafiri bila mwalimu wa kike. Anayeona swali hilo ni matusi, huyo hasa ndiye wa kuulizwa mara ya pili.

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe tulio kando ya mstari. Nani humsukuma mwalimu kuishika ile kalamu? Ni sisi tunaompigia makelele timu ikifungwa. Ni mkubwa wa shule apimaye kazi ya mwalimu kwa idadi ya vikombe. Ni baba asemaye nyumbani, mbele ya mtoto, kwamba mwalimu ni mjinga kwa kuwa hakutumia "akili". Tukimwachia mtu mmoja mzigo wa kuwa mkweli, huku sote tukimdai ushindi, dhambi yake ni yetu pia, na tutaigawana.

Kwa hiyo twawaomba wazazi jambo dogo. Jioni moja ya kiangazi hiki nenda kiwanjani. Mshukuru mwalimu kwa kazi asiyolipwa. Kisha mwambie, hadharani ikiwezekana, kwamba utaridhika timu ikifungwa kwa majina ya kweli. Huenda hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Na mwalimu akisikia neno hilo kutoka kwa wazazi watano au sita, siku ya kujaza fomu ataandika mwaka ule ule aliozaliwa mtoto, ataikunja karatasi, na kuipeleka wilayani.

Huenda wakarudi bila kikombe. Lakini yule mwenye miaka 12 atakuwa amecheza.