Mna Nini Ndani ya Nyumba?



Jioni moja ya mwezi wa Agosti mume na mke walikuja kuniona ofisini parokiani. Wamefunga ndoa kanisani miaka kumi na sita iliyopita. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi, mke anauza omena soko la Kibuye hapa Kisumu. Mke ndiye aliyeanza. "Padre," alisema, "huyu baba watoto ana mwanamke mwingine." Ushahidi alikuwa nao. Mshahara haufiki nyumbani, mume hutoka nje kupokea simu, na usiku halali. Mume aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama watoto, si mwanamke. Ni deni."

Nilitazamia mke afurahi. Badala yake alianza kulia, kwa sababu na yeye alikuwa na lake. Alikuwa amekopa kwenye chama cha akina mama, na wanachama walikwisha kumwonya kwamba mwisho wa mwezi watakuja kubeba viti vya sebuleni.

Ninawaandikia habari hii kwa ruhusa yao, nikiwa nimebadilisha mambo machache wasitambulike, kwa maana tangu siku ile nimekutana na nyumba nyingi za namna hiyo, kuanzia Nyalenda mpaka Usenge. Tumezoea kuhubiri juu ya ulevi na uzinzi. Juu ya deni la siri tunanyamaza, na kumbe ni jambo linaloingia kitandani katikati ya watu wawili na kulala hapo.

Someni tena Kitabu cha Pili cha Wafalme, mwanzo wa sura ya nne. Mama mjane anamlilia nabii Elisha. Mumewe amekufa akiacha deni, na mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Angalieni kwamba marehemu yule alikuwa mtu wa kumcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii. Basi asiwepo wa kuniambia kwamba mwenye deni ni lazima awe mlevi au mvivu. Huku kwetu watu wema wameingia katika deni kwa sababu ya homa ya mtoto, karo ya kidato cha kwanza, au jeneza la baba mkwe. Waswahili husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi wa upande wa ziwa tumezidi, tunakopa hata kwa ajili ya matanga yenyewe: mochwari, gari la kupeleka mwili nyumbani, ng'ombe, hema, muziki wa usiku kucha. Halafu waombolezaji wakiondoka, mjane anabaki na daftari.

Elisha hakumwambia mama yule afunge siku saba wala apande mbegu ya sadaka, kama wanavyofundisha siku hizi wahubiri wengine wenye vipaza sauti. Alimwuliza ana nini ndani ya nyumba. Swali hilo ndilo nililowauliza wageni wangu, nikawapa daftari la shule la kurasa 48. Niliwaambia waende nyumbani, watoto wakishalala wafunge mlango, kama yule mjane alivyoufunga mlango wake, na waandike kila deni: la nani, kiasi gani, riba gani. Tena niliwapa sharti moja. Usiku ule asiwepo wa kumwuliza mwenzake "kwa nini." Swali la kwa nini lina siku yake, na kwa hilo tuna kitubio.

Waliporudi, orodha ilikuwa hivi. Mikopo miwili ya simu, 14,500. Mkopesha riba wa mtaani, wanayemwita shailoki, 20,000 kwa riba ya ishirini kwa mia kila mwezi, naye alikuwa ameshika kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri. Chama cha mama, 18,000 kwa riba ya kumi kwa mia. Duka la jirani, 6,300. Shule ya mtoto mkubwa, 15,000. Shemeji yake mume, tangu matanga ya mwaka uliotangulia, 12,000. Jumla shilingi 85,800. Mkopo wa Sacco hawakuutia humo kwa sababu hukatwa kwenye mshahara moja kwa moja.

Sasa tazameni riba. Shailoki alikuwa akipokea 4,000 kila mwezi, chama 1,800, na simu zilikula kama 1,200. Ni shilingi 7,000 kila mwezi, na deni lenyewe halikupungua hata senti. Mwalimu alidhani analipa. Alikuwa anakodi.

Hizi simu zinatudanganya kwa udogo wa kiasi. Mwezi wa Novemba 2012, Safaricom na benki ya CBA walipoanzisha M-Shwari, ada ilikuwa shilingi saba na nusu kwa kila mia kwa siku 30. Mtu husema, saba na nusu ni kitu gani? Lakini ukikopa, ukalipa, ukakopa tena siku hiyo hiyo, mwaka mzima, umelipa tisini kwa kila mia. Wenye mishahara mikubwa hukopa benki kwa riba ya mwaka iliyo ndogo kuliko hiyo mara kadhaa. Mkopo mdogo ni wa maskini, na ndio ghali. Kanisa limeliona jambo hili zamani. Mwaka 1462 Wafransiskani wa mji wa Perugia, Italia, walifungua nyumba ya mikopo midogo ili kuwaokoa maskini na wakopesha riba, na mwaka 1745 Papa Benedikto wa Kumi na Nne aliandika barua nzima, Vix Pervenit, kukemea riba. Papa Fransisko naye, alipoutangaza Mwaka Mtakatifu wa Jubilei wa 2025, aliyasihi mataifa tajiri yasamehe madeni ya mataifa yasiyoweza kulipa. Hapa mjini tuna soko liitwalo Jubilee, ila mpaka leo sijaona ndani yake kibanda cha kusamehe madeni. Kwa hiyo tulipe.

Baada ya madeni tuliandika mapato. Mshahara ukishakatwa, 19,000. Faida ya omena, tukichukua wastani, 7,500. Wastani huo ulitupa kazi kubwa, maana kama mjuavyo omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka samaki hawaji. Mama huyu alikuwa ameuahidi mwezi mzima kwa chama pesa ambazo ziwa humpa nusu mwezi tu. Na kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili samaki wazaane. Mpango wa deni unaosahau mwezi na ziwa, huku kwetu, utavunjika kabla ya Pasaka.

Kodi ya nyumba Manyatta, chakula, maji, makaa, stima na nauli zilifika 18,000. Ilibaki 8,500. Tulikaza vitu vichache, lakini sikukubali wauondoe ugali wa jioni wala dawa ya pumu ya mtoto. Mpango wenye njaa ndani yake hudumu wiki tatu.

Halafu ikaja sehemu ngumu, kwenda kwa wadai. Walikwenda wawili pamoja, na hapa ndipo nilipoona ndoa yao inaanza kupona. Mwalimu alikuwa hajawahi kuketi mbele ya akina mama wa chama cha mkewe. Aliketi, akasema, "Mama zangu, deni hili ni letu sisi wawili." Walimkemea kidogo, kisha wakakubali kuondoa riba na kupokea 2,000 kila mwezi kwa miezi tisa. Shailoki alipiga kelele. Mwishowe, mbele ya mashahidi wawili na kwa maandishi, alikubali 4,000 kwa miezi mitano bila riba, akarudisha kadi. Mwalimu alibadilisha namba ya siri siku hiyo hiyo. Wakopeshaji wa simu waliandikiwa barua, nao wakasimamisha adhabu kwa 1,500 kila mwezi, kwa wote wawili. Duka 500, shule 500. Shemeji aliombwa angoje, akangoja. Mdai hupenda kidogo cha hakika kuliko ahadi kubwa, na wengi watakubali mkiwafuata kabla wao hawajawafuata.

Msiende mikono mitupu upande wa sheria pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yote ya mshahara kupita theluthi mbili, kwa hiyo theluthi moja lazima ifike nyumbani. Kagueni karatasi ya mshahara. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kutisha watu au kuwapigia jamaa walio ndani ya simu yako kuwatangazia deni lako. Na deni likiwashinda kabisa, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inamruhusu mtu wa kawaida kumwomba Mpokezi Rasmi wa serikali amwekee amri ya kulipa kwa awamu. Wengi hawajui kama njia hiyo ipo. Kuanzia Novemba 2022 hadi Mei 2023 Benki Kuu ilisimamia pia mpango ambao walioorodheshwa CRB kwa mikopo midogo ya simu walisamehewa angalau nusu ya deni, wakipewa miezi sita kulipa iliyobaki. Nawafahamu watu waliopitwa na nafasi hiyo kwa sababu tu walizima simu zao kwa aibu.

Kuna mambo mawili niliyowakataza. La kwanza, mkopo mpya wa kulipa mkopo wa zamani, isipokuwa riba yake iwe ndogo waziwazi na ule wa zamani ufungwe siku hiyo hiyo. La pili, kubahatisha kwa simu. Mwalimu alikiri alikwisha kupoteza huko pesa za kutosha mlango wa chuma.

Mke aliniuliza kuhusu ahadi yao ya ujenzi wa parokia, 5,000. Nilimwambia aende akamlipe mwenye duka kwanza. Baraza la parokia wakisoma hapa watanikasirikia. Lakini Mtume Paulo, anapowaandikia Warumi sura ya kumi na tatu, anataka tumpe kila mtu haki yake, na unga tuliokwisha kuula ni haki ya mwenye duka. Sadaka ndogo ya Jumapili waliendelea kuitoa.

Niongeze neno kwa waume walio kando ya ziwa. Mkeo akienda ufuoni bila mtaji, akichukua samaki kwa mkopo, mnajua ni malipo gani wavuvi wengine humdai. Desturi hiyo ya jaboya imeleta maradhi na yatima katika vijiji vyetu. Mume anayemnyima mkewe mtaji wa mia tano, kisha akalewa kwa mia tano hiyo hiyo, asije kwangu kulalamika juu ya uaminifu.

Je, mpango ulifuatwa? Si wote. Walianza Septemba, na kwa hesabu yetu, tukiwa tumetia ndani miezi ya kufungwa kwa omena, wangemaliza baada ya miezi 13. Shailoki alimalizwa Januari. Lakini Januari hiyo hiyo ilikuja na sare na vitabu, na mwezi wa Mei mwalimu alikopa kwenye simu 1,000 bila kusema. Alikaa nayo siku nne, kisha akaiandika mwenyewe kwenye daftari na kumwonyesha mkewe. Mke aliniambia baadaye kwamba alikasirika sana, akapika, wakala kimya, na usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alilala bila kuisikiliza simu ya mumewe.

Wa mwisho alikuwa shemeji. Walimpelekea elfu zake 12 mwezi wa Novemba, miezi 15 tangu usiku wa daftari, wote wawili, kwa matatu. Mwezi uliofuata waliendelea kutenga 8,500 ile ile, safari hii kwa ajili ya karo ya Januari na ile miezi minne omena inapofungwa. Mke ndiye anayeiweka, na daftari linakaa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo wote wawili wanalifikia.