Na Kamau, Je?

Mzee mmoja wa kanisa letu ana msemo anaoutumia kwa kila asichokipenda: huko ni kumjaribu Mungu. Kupanda bodaboda watu watatu ni kumjaribu Mungu. Kuhamia ploti mpya bila maombi, vilevile. Siku televisheni ilipomwonyesha Gabriel Nderitu, yule mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri ambaye kwa miaka amekuwa akijiundia ndege nyumbani kwake, mzee alikuwa ameketi kwenye benchi langu hapa Kaptembwo, Nakuru, akingoja suruali ipunguzwe kiuno. Nilijua atasema nini kabla hajafungua mdomo.

"Mama Njeri, huyu anamjaribu Mungu. Mabawa walipewa ndege."

"Na suruali, mzee, tulizaliwa nazo?"

Tukacheka. Lakini neno lake lilinikaa, kwa kuwa mimi nimependa ndege ndogo tangu nikiwa msichana, na sipendi kuambiwa nimependa dhambi. Hizo kubwa zinazokwenda Dubai hazinisumbui. Ni mabasi tu, unafungwa mkanda unaletewa chai. Ninayoitamani ni ile ndogo inayopita chini upande wa mbuga mara mojamoja, hadi unaona kichwa cha rubani. Watu wa wanyamapori wametumia kwa miongo mingi ndege aina ya Piper Super Cub, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1949: viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, na inatua mahali ambapo hata pikipiki ingesita.

Na imevikwa nguo. Hili wengi hawalijui. Mifupa ni ya chuma na alumini, lakini ngozi ni kitambaa. Mimi niliambiwa na mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye hanga pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kabla hajaja kukaa na bintiye ploti ya pili kutoka kwangu. Alileta koti libadilishwe bitana, akanitazama nikifunga nyuzi, akasema zamani ningepata kazi kwao. Kisha akachukua chaki yangu akaanza kuchora juu ya meza.

Kitambaa cha siku hizi ni poliesta. Kinabandikwa kwa gundi kwenye fremu kikiwa kimelegea, halafu kinapigwa pasi. Ndiyo, pasi, kama hii yangu, ila joto lake linapimwa kwanza: raundi ya mwanzo kama nyuzi 120 za Selsiasi, ya mwisho kama 175, na kitambaa kinajivuta hadi ukikigonga kinalia. Ndipo inapokuja kazi ya mkono. Sindano ndefu inapenyezwa kutoka juu ya bawa hadi chini, inazunguka ubavu wa bawa, inarudi juu, na kila baada ya inchi chache inafanya hivyo tena, kwa uzi uliopakwa nta. Kila mshono unafungwa fundo lake wenyewe.

Hapo niliweka mkasi chini. Sketi ya shule ninaishona kwa uzi usiokatizwa kutoka mwanzo wa pindo hadi mwisho; ukikatika mahali pamoja, mtoto akiruka kamba siku mbili tatu, pindo lote linashuka. Bawani hilo halikubaliki. Ndege ikiwa angani, hewa iliyo juu ya bawa inasukuma kwa nguvu ndogo kuliko ile ya chini, na kitambaa cha juu kinataka kung'oka kiende zake. Super Cub iliyojaa ina karibu kilo 800, na sehemu kubwa ya uzito huo inaning'inia kwenye mafundo ya fundi ambaye rubani huenda hamjui. Uzi mmoja ukikatika, wa jirani yake unashika. Baadaye anakuja mkaguzi, ambaye hataki kujua kama fundi huyo ameokoka.

Sasa turudi kwa mzee wa kanisa. Kumjaribu Mungu ni jambo zito katika Maandiko, na mimi silichezei. Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, malaika watamdaka. Akamnukulia na zaburi. (Huwa najikumbusha hili ninapotupiwa mstari: pale juu, wa kwanza kutoa andiko alikuwa Ibilisi.) Yesu akakataa. Tazama alichokuwa akiombwa kufanya. Aruke akiwa hana chochote mkononi, hana hesabu, hana sababu ya kuwa hewani, ili Mungu alazimike kuonekana. Ule ulikuwa mtego wa kumtegea Baba.

Rubani wa ndege ndogo anafanya nini? Kabla ya kuwasha injini anaizunguka ndege kwa miguu. Anachota mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, anayainua kwenye mwanga, anatafuta maji, kwa kuwa maji hutulia chini ya petroli. Anasukuma kila kitu kinachotakiwa kusogea na kutikisa kila kisichotakiwa kusogea. Kama yuko kwetu Nakuru, anakumbuka kwamba tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17 hata kabla ya jua la mchana kuipunguza zaidi. Injini inapata pumzi kidogo, bawa linashika kidogo, na mbio za kuruka zinarefuka. Kwa hiyo anafungua jedwali, anapiga hesabu. Uwanja ukiwa mfupi, anashusha mzigo au anangoja asubuhi. Haikemei hewa.

Ndiyo maana hunichosha mahubiri yale ya "mnapanda ndege bila kumjua rubani, kwa nini mnashindwa kumwamini Mungu?" Mhubiri huyo hajawahi kumwona rubani akizunguka ndege yake. Na wale wanaodai ndege za kifahari kwa sadaka za wauza mboga, hao tuwaache.

Mzee si mjinga, lakini. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ukishakagua, umemaliza?"

Hujamaliza. Ushahidi uko hapo Njoro tu. Beryl Markham alikulia kwenye shamba la baba yake Njoro, akichunga farasi na kuwinda na watoto wa Kikalenjini, akafundishwa urubani na Tom Campbell Black, na mnamo Septemba 1936 akaruka kutoka Abingdon, Uingereza, peke yake, usiku, kuelekea magharibi juu ya Atlantiki kwa ndege ya Percival Vega Gull. Ilikuwa ndege ya mbao yenye injini moja. Alikuwa amehesabu mafuta, tangi moja baada ya jingine. Zaidi ya saa 20 baadaye barafu iliziba tundu za kupitishia hewa za tangi, injini ikakosa mafuta yaliyokuwamo, akashuka kwenye kinamasi cha Cape Breton, Kanada, pua ya ndege ikiwa matopeni. Akatoka akitembea, damu usoni. Hesabu yote ile, na bado kulikuwa na kitu asichoweza kukifikia kwa mkono.

"Basi Mungu alimwokoa," mzee akasema, akijiona ameshinda.

Labda. Lakini tusome na ukurasa wa nyuma yake. Tarehe 14 Mei 1931, rubani mwingine, Denys Finch Hatton, aliruka kutoka Voi kwa Gipsy Moth yake, ndege ya mabawa mawili yaliyovikwa kitambaa. Muda mfupi baada ya kuondoka ikaanguka ikashika moto. Beryl aliandika mwenyewe kwamba alikuwa amealikwa kwenye safari ile, na Campbell Black akamshawishi asiende kwa sababu ya hisia tu iliyomjia. Wanaosimulia kisa hicho kanisani humaliza na mkono wa Bwana.

Ndani ya ndege ile alikuwamo Kamau, mtumishi wa Finch Hatton. Alikufa pia. Kaburi la tajiri wake liko vilima vya Ngong na watu huvipanda kwenda kuliona. Kamau, katika vitabu nilivyopata, ana jina moja na sentensi moja.

Hapo ndipo imani yangu huinua shingo. Kama ile hisia ilikuwa sauti ya Mungu, kwa nini ilimjia rafiki wa Beryl na haikumjia mtu yeyote wa Kamau? Mama yake hakuwa akiomba? Siwezi kumpa Mungu mapendeleo ambayo hata mama wa kambo angeonea haya. Yesu alipoletewa habari za watu waliouawa na Pilato, aliwakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Nadhani angekataa pia kwamba waliobaki salama walikuwa wapenzi zaidi.

Beryl aliweza kukataa mwaliko. Kamau sidhani alialikwa. Mwaka 1931 mtumishi aliambiwa panda, akapanda. Chanzo cha ajali ile hakikujulikana kwa uhakika, kwa hiyo simshtaki marehemu. Ninachosema ni kwamba mzee anatazama mahali pasipo. Anamhofia anayejirusha mwenyewe, na Torati ina amri nyingine kuhusu kuanguka, ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa: ukijenga nyumba mpya, weka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka ukaleta damu juu ya nyumba yako. Anayeagizwa pale ni mjenzi. Hakuambiwa awahimize wageni wawe na imani. Hakuambiwa hata aombe, ingawa bila shaka aliomba. Aliambiwa ajenge ukingo. Kwa hiyo mtu anaweza kumjaribu Mungu akiwa ameketi chini salama kabisa, kwa shingo ya mwenzake: mwenye matatu ya matairi yaliyokwisha, au fundi aliyeruka fundo moja kwa sababu chakula kilikuwa tayari.

Nilimwambia mzee haya yote nikiwa na pini mdomoni, kwa hiyo huenda hayakutoka kwa heshima niliyokusudia. Yeye ana ploti ya ghorofa nne upande wa Rhonda, na ngazi zake za nje hazina vyuma vya kushikilia. Wapangaji wake wana watoto; sare zao ninashona mimi. Nikamuuliza kuhusu ngazi.

Akasema wapangaji wamezoea. Tena ploti iliombewa na askofu siku ya kufunguliwa, chumba kwa chumba.

"Alipanda hadi ghorofa ya nne?"

"Hapana," akasema. "Siku hiyo kulinyesha, ngazi zilikuwa na utelezi."