Nani wa Kulaumiwa?

Tufikiri juu ya jambo liwezalo kutokea Susuni, huko Tarime, kama litokeavyo popote duniani. Mtoto ameachishwa ziwa. Baada ya majuma machache ngozi yake yachubuka kuzunguka mdomo, matakoni na vidoleni. Nywele zamtoka, tumbo lamwendesha, kisha fangasi yaingia katika vidonda. Mama apaka dawa, vidonda vyapoa kidogo, kisha vyarudi. Ndipo majirani hunong'ona: mama huyu ni mchafu, au, nyumba hii ina laana.

Je, neno hili ni la haki?

Upo ugonjwa wa kurithi, nao ni wa nadra, ambao mwili wa mtoto hauwezi kupokea zinki ya kutosha katika chakula. Maziwa ya mama humkinga, maana zinki yake huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo aachapo ziwa ndipo ugonjwa hujifunua. Waganga Danbolt na Closs wa Norwe waliueleza mwaka 1942, na siku zile watoto wengi walikufa. Katika miaka ya 1970 ilijulikana kwamba zinki huwarudishia afya. Nayo ndiyo zinki ile ya vidonge vipewavyo watoto wenye kuhara kwa siku 10 hadi 14. Ila mtoto huyu aihitaji maisha yake yote, kwa kipimo cha daktari. Dawa ya fangasi ni ya lazima pia, lakini peke yake ni kama kukumba maji ya mtumbwi pasipo kuziba tundu.

Tena, baba na mama wote wawili huichukua kasoro hii pasipo kujua, nao ni wazima. Kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna aliyechagua.

Wengine watasema, lawama hufundisha usafi. Usafi ni mwema; lakini mama aliyeaibishwa humficha mtoto wake, na mtoto aliyefichwa haonwi na daktari. Hivyo ulimi wetu waweza kumwua ambaye kidonge kingemwokoa.

Basi, vidonda vikirudi mara kwa mara, yatupasa kumhimiza mama aende hospitali ya wilaya, na ikibidi Bugando, Mwanza. Tumchangie nauli, tumtunzie watoto waliobaki nyumbani, wala tusimwulize amekosa nini.